Uzi Mwekundu Kwenye Helmeti ya Guerschom

Guerschom Cirhuza analamba kioo cha kamera. Hakilambi kwa pupa. Anakipitisha ulimi mara moja, polepole, kisha anakiinua kuelekea taa ya barazani akitazama kama mate yameenea sawasawa.

Ni alfajiri Kyebando, kaskazini mwa jiji la Kampala, na majirani wa Guerschom walikwisha kulizoea jambo hili. Mkewe, Marlène, anayekaanga maandazi hatua chache kutoka hapo, bado hajalizoea.

"Huyu bwana analamba kamera kuliko anavyoonja mchuzi wangu," anasema, bila kugeuka.

Guerschom anacheka. Mate, anaeleza, huzuia matone ya maji yasikae kwenye kioo. Kioo kikavu kikipigwa na wimbi huota matone kama mtu aliyetoka jasho, na safari nzima ya mteja huonekana kana kwamba ilipigwa picha kupitia dirisha lenye mvua. Kioo kilicholambwa huyaacha maji yateremke kama utando mmoja, yakaenda zao. Kazi hii haitaki ulimi mkavu.

Mbele yake, juu ya mkeka, ipo helmeti ya bluu yenye matundu ya hewa utosini. Kupitia matundu hayo amepitisha msuko wa ukindu mweusi na wa manjano, ukaikumbatia kamera ndogo ya mraba isiyozidi kiganja cha mtoto. Juu ya kamera amefunga kipande cha kandambili ya rangi ya machungwa. Na mbele, pale paji la uso la mvaaji litakapokuwa, ncha mbili za msuko zimeunganishwa kwa uzi mwekundu, mwembamba kiasi kwamba mtu angedhani umesahaulika hapo.

Anaugusa uzi huo kwa ncha ya kidole. Leo ndiyo siku ya kwanza ya uzi huo kwenye mkondo mkali.

Guerschom, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, ndiye fundi wa kamera wa kampuni ndogo inayowachukua watu kutoka Kampala hadi mto Nile, ng'ambo ya Jinja, kupiga kasia katika kayaki, vile vyombo vyembamba vinavyoruka juu ya mikondo mikali. Wateja huenda kwa ajili ya mto, lakini wanachorudi nacho nyumbani ni filamu. Bila filamu, anasema Guerschom, mtu hubaki na nguo zilizoloa na hadithi isiyoaminika.

Anajua anachosema, kwa sababu kuna mtu mmoja aliyebaki hivyo hivyo, na aliyemsababishia ni yeye.

Mtu huyo ni Alal, muuguzi mwenye miaka hamsini na miwili, naye ni mkazi wa Kyebando. Leo anarudi mtoni kwa mwaliko wa kampuni. Kamera iliyobaki ni moja, ndiyo hiyo iliyolambwa. Mmiliki wa kampuni, Rehemah, mwanamke mpole lakini asiyesema jambo mara mbili, alikwisha kumwambia Guerschom kwamba hii nayo ikienda na maji, kampuni itaacha mambo ya picha, na fundi wa picha hatakuwa na kazi.

"Hakunitisha," anasema Guerschom. "Aliniambia kweli. Nami ninamushukuru juu ya ile kweli."

Picha ndiyo kazi ya ukoo wake. Baba yake alikuwa na studio Bukavu, mashariki mwa Kongo, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa mlima na ziwa, ingawa ziwa lenyewe lilionekana kutoka mlangoni. Mzee huyo alikuwa na sheria moja: picha isiyo na uso ni picha ya ukuta. Mwanawe alikua akishika taa, kisha akashika kamera, na kabla ya kutimiza miaka ishirini na mitano alikuwa akiitwa kwenye harusi mtaa mzima.

Watu wenye silaha walipofika mtaani kwao mwaka 2013, alivuka mpaka na begi moja. Kamera haikuwamo. Wa kwanza kumfungulia mlango Kampala alikuwa Mama Kulusum, mjane wa jamii ya Wanubi anayeishi mtaa wa Bwaise, ambaye baba yake alikuwa askari na marehemu mumewe dereva wa lori. Alimpa chumba cha nyuma na sahani ya chakula, wala hakumuuliza kuhusu kodi mpaka alipopata kibarua cha kubeba mizigo sokoni Nateete.

"Sikuwa na kintu," anasema. "Hata kusema jina langu nilikuwa ninachoka. Yule mama aliniita mwanangu siku ya kwanza. Unafikiri hiyo ni kintu kidogo?"

Waswahili husema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Guerschom hausemi msemo huo, lakini kila Ijumaa humpelekea Mama Kulusum maandazi ya Marlène, na mvua ya Bwaise haijawahi kumzuia.

Alipata kazi ya kamera kwa bahati. Rehemah alikuwa akiuliza pale Nateete kama kuna mtu anayejua picha, na wachukuzi wenzake, waliokwisha kuchoka kusikia habari za studio ya Bukavu, walimsukuma mbele. Rehemah alimtuma mjini kuchagua kamera za kuvaa kichwani.

Alizunguka maduka siku nzima. Alianza na ile ndefu yenye umbo la tochi, akaiona inafaa kukaa ubavuni mwa helmeti, lakini alipojaribu kutembea nayo dukani shingo ilimwelemea upande mmoja. Nyingine ilikuwa na picha nzuri na kitufe kidogo kama punje ya mtama, ambacho kidole chenye baridi na maji kisingeweza kukipata. Aliyoichagua mwishowe ilikuwa ndogo, nyepesi, inayoona upana mkubwa, yenye kitufe kimoja cha kubonyezwa hata na ngumi, na taa nyekundu inayomwonyesha mwenzako kwamba kamera inafanya kazi. Mvaaji mwenyewe haioni taa hiyo, kwa hiyo lazima aulize. Akachukua mbili.

Ikabaki kujua pa kuiweka. Utosini iliona mbingu na kugonga kila tawi, na ubavuni iliona sikio la mvaaji na nusu ya mto. Kwenye paji la uso ndipo ilipoona mikono, kasia, pua ya kayaki na wimbi linalokuja. Kila mtu aliridhika isipokuwa Guerschom mwenyewe. Kamera inayokaa kichwani mwa mtu huona yote anayoyaona mtu huyo, ila haimwoni yeye. Uso haupo. Angekuwa hai baba yake, anasema, angemuuliza hiyo ni picha ya ukuta gani.

Kisha ikaja siku ya Alal.

Alal alikuwa amejiahidi tangu ujana kwamba atapiga kasia katika mto huo kabla hajazeeka. Watoto wake watatu walimcheka. Alipanda kayaki ya watu wawili, yeye mbele, na nyuma yake Obwona, kiongozi wa safari, Mwacholi mwenye mabega mapana ambaye hupiga kasia kana kwamba anakoroga uji. Kamera ilikuwa kwenye helmeti ya Alal, juu ya kipande cha plastiki chenye gundi kali ya kiwandani.

Gundi ile haikuwa na kasoro. Mwenye kasoro alikuwa Guerschom. Jioni ya kuamkia safari alizichukua helmeti zote akazipaka mafuta ya kujipaka, akazisugua kwa kitambaa mpaka zikang'aa kama viatu vya bwana harusi. Asubuhi akabandika kamera juu ya mng'ao huo.

"Kwetu Bukavu, muntu hatoki nyumbani na kintu kisichong'aa," anasema, akijishika kichwa. "Njo vile baba alitufunza. Kiatu ni lazima king'ae, mukanda ung'ae. Mimi nikasema, na helmeti je? Watu watasema huyu Mukongo ni muchafu."

Wimbi la kwanza liliibandua kamera kama ganda la ndizi. Alal alivuka mkondo wote akipiga kelele za furaha, akafika chini akiwa mkavu wa picha.

Alirudi nyumbani akawasimulia watoto. Mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Mama, hadithi yako tamu." Alal anasema neno hilo "hadithi" lilimuuma kuliko alivyodhani. Alimtafuta Guerschom, hakumgombeza. Alimuuliza tu kama ile kamera inaweza kupatikana mahali. Guerschom anasema afadhali angepigwa.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini mhunzi mwenye hofu hupiga chuma kupita kiasi. Safari iliyofuata Guerschom aliacha gundi kabisa. Aliifunga kamera ya pili kwenye helmeti ya Obwona kwa waya wa kufungia nondo, akaukaza kwa koleo mpaka ukalia. Kamera haikutoka. Kayaki ilipopinduka karibu na ukingo, kamera hiyo isiyotoka ilinasa kwenye tawi lililozama, ikamshikilia Obwona kichwa chini majini. Mwishowe waya ulipinda na kamera ikanasuka tawini. Obwona aliibuka na shingo iliyokataa kugeuka kwa wiki nzima.

"Siku hiyo kamera ilikuwa na nguvu kushinda mimi," anasema Obwona. "Nikamuambia, rafiki yangu, mimi hapana vaa hii kitu tena. Wewe nataka picha ama nataka mimi?"

Guerschom alikwenda Bwaise na helmeti kwapani. Hakwenda kutafuta ushauri, anasema. Alikwenda kwa sababu mtu akishindwa hurudi pale alipowahi kupokelewa.

Mama Kulusum alikuwa barazani akisuka kawa, yale mafuniko ya chakula ya rangi rangi ambayo wanawake wa Kinubi husifika kwayo. Alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea na kazi.

"Weka hapa nione," akamwambia. Akaigeuza helmeti, akaingiza vidole kwenye matundu ya hewa. "Wewe mara ya kwanza nafanya kitu hapana shika. Mara ya pili nafanya kitu hapana achia. Sasa katikati iko wapi?"

Akamwonyesha kawa moja iliyokuwa tayari kwenda kwa wakwe wa mjukuu wake. Ilikuwa imeshikizwa kwenye sinia yake kwa msuko imara kuzunguka, na mahali pamoja tu kwa uzi mwekundu. Mama yake mzazi, alieleza, kila alipotuma chakula alishona hivyo. Njiani sinia itikisike, ibebwe kichwani, ipande gari, kawa haifunuki. Ikifika, mwenyeji akivuta kidogo, uzi unakatika na msuko wote unafunguka. Uzi ukikutwa mzima, mwenyeji anajua hakuna mkono uliotangulia.

"Hii kamba kazi yake kushika," akasema. "Hii uzi kazi yake moja tu, kukatika. Kama zote nashika, nani ataachia mtoto wa watu?"

Alisuka msuko wa helmeti kwa siku mbili. Mvua za Aprili zilikuwa zimefika, na kama kawaida Bwaise ilikuwa imejaa maji. Njia iliyo mbele ya nyumba iligeuka mfereji wa kufika magotini. Guerschom alishukuru Mungu kwa mafuriko, jambo ambalo huenda hakuna mkazi wa Bwaise aliyewahi kulifanya. Alivaa helmeti, akaingia majini, akawa anainama na kuinuka huku mjukuu mmoja wa Mama Kulusum akiivuta kamera kwa kamba kutoka mlangoni. Majirani walitoka kutazama. Mmoja aliuliza kwa Kiganda kama bwana huyo ni mzima.

Uzi mmoja ulikatika hata bila kuvutwa. Nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja ziliburuta kichwa chake mpaka akaanguka. Nyuzi mbili zilishika alipotikisa kichwa, zikakatika alipovutwa kwa nguvu. Kipande cha kandambili kiliielesha kamera vizuri, lakini kwanza alikifunga nyuma yake, ikawa inaelea huku ikitazama chini. Akakihamishia juu, ili kioo kitazame mbele, kisitazame matope.

Obwona hakuridhika na habari za mfereji. Alisema mtu akimfungia mwenzake kitu kichwani, sharti akivae yeye kwanza, na akivae mtoni. Guerschom amezaliwa kando ya ziwa, lakini hajui kuogelea. Nyumbani kwao, anasema, ziwa lilikuwa la kuwekwa nyuma ya watu kwenye picha.

Alivaa. Obwona alimkalisha kwenye kayaki mahali mto umetulia, akamfunga jaketi la kuokolea, akafunga kamba kwenye kamera, akaipindua kayaki kwa makusudi. Guerschom anakumbuka kelele za maji masikioni, kisha mvuto kwenye paji la uso, kisha kitu kikiachia. Alipoibuka akikohoa, Obwona alikuwa amemshika kwapa, na kamera ilikuwa inaelea pembeni na taa yake nyekundu ikimeta.

"Nililia," anasema waziwazi. "Si juu ya woga. Nilijua sasa ninaweza kumufunga muntu hii kintu bila zambi."

Obwona akaichukua helmeti, akaitazama, akasema, "Kale, sawa. Hii natavaa."

Leo jua limepanda ninapofika na Guerschom ukingoni mwa mto. Alal amevaa jaketi jekundu. Guerschom anapiga magoti mbele yake, kama fundi viatu mbele ya mteja, akimkazia mkanda wa helmeti chini ya kidevu. Anamwambia atikise kichwa. Atikise tena. Anabonyeza kitufe, taa inawaka.

"Sista, mara hii itarudi," anamwambia.

"Ikirudi kamera bila mimi, uwapelekee watoto," anajibu Alal, na wote wawili wanacheka kidogo kuliko walivyokusudia.

Guerschom anashuka hadi kidimbwi kilicho chini ya mkondo, akiwa na jaketi lake na wavu wa mkono, maji kiunoni. Huko ndiko alikochagua kusimama. Kutoka hapo huwezi kuona kinachotokea juu. Unasikia mngurumo tu na kungoja.

Kayaki inatokea juu ya wimbi kubwa, Alal mbele na Obwona nyuma. Inasimama wima, inaonekana itapita, kisha inalala ubavu na kupinduka. Kwa muda hakuna kinachoonekana isipokuwa tumbo la chombo. Guerschom hatafuti kamera. Anasema baadaye kwamba alisahau kabisa kama kuna kamera duniani. Alikuwa akiita, "Sista, Sista," kwa sauti aliyoisikia kama ya mtu mwingine.

Kinachoibuka kwanza ni kipande cha kandambili. Kisha jaketi jekundu, helmeti ya bluu, na mdomo wa Alal uliofunguka. Obwona anatokea pembeni yake, amemshika. Msuko wa ukindu unaning'inia masikioni mwa Alal ukiwa wazi, na yeye anakohoa, anatema maji, anaanza kucheka.

Wanamvuta ukingoni. Guerschom anamuuliza kama ameumia wapi. Hajaumia. Obwona anaeleza kwamba kamba ya pembeni ya kayaki iliinasa kamera chini ya maji. "Mimi nasikia kama kichwa yake nataka enda," anasema, "halafu paa, nachia." Ndipo wanapokumbuka kamera, ikiwa inazunguka taratibu kidimbwini. Guerschom anairudia, anaitia wavuni.

Wanaitazama wakiwa wamekaa kwenye nyasi, vichwa vimegusana juu ya kioo kidogo. Mto unakuja, kasia, mikono ya Alal, wimbi. Kisha povu na giza la kijani, na picha inapinduka. Kamera inajitoa. Inapanda, inaibukia mwangani, inayumba, inageuka polepole kwa sababu maji yameamua kuigeuza. Na mbele yake, karibu kabisa, uso wa mwanamke wa miaka hamsini na miwili unapasua maji, macho yamefumbuka wazi, kisha unacheka.

Alal anaomba irudishwe. Anaitazama mara ya pili akiwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Huyo ni mimi," anasema. "Basi waje waniambie ni hadithi."

Guerschom amegeuka upande wa mto. Baadaye, garini, atasema alikuwa akimwambia baba yake kwamba uso umepatikana.

Kabla ya magharibi tuko Bwaise. Rehemah amempigia Guerschom simu njiani kumwambia jambo moja tu: wiki ijayo aende tena kuchagua kamera nyingine. Malipo ya safari zake yanatosha kodi ya Kyebando na ada za watoto wawili, na anachobakiza anakiwekea mpango wake. Anataka chumba kidogo Kyebando chenye pazia lililochorwa, watu wapigwe picha wakiwa wamevaa vizuri na viatu viking'aa, na ukutani, mbele ya mlango, uso wa Alal ukitoka majini. Alal amekubali. Ameomba tu watoto wake waalikwe siku ya kufungua.

Mama Kulusum anatazama filamu kwa heshima, lakini mto haumshangazi sana. Amekwisha kukataa mara mbili kupelekwa kuuona. "Mimi na maji naonana hapa kila mvua," anasema. "Natosha."

Anachokitaka ni uzi. Guerschom anamtolea kutoka mfukoni, vipande viwili vyekundu vilivyoloa. Mama Kulusum anavinyoosha juu ya goti lake, anatazama mahali vilipokatika, anatikisa kichwa kwa kuridhika kama mtu aliyepokea salamu kutoka kwa wakwe.

Guerschom anaanza kumshukuru. Anashukuru kwa uzi, kisha kwa chumba cha nyuma, kisha kwa sahani ile ya siku ya kwanza.

"Shukrani peleka kwa Mungu," anamkatiza Mama Kulusum, akilivuta karibu fungu la uzi mwekundu. "Mimi letea helmeti. Kesho nakwenda watu wangapi?"

"Wanne, mama. Wataivaa kamera kwa zamu."

Anakata nyuzi nane, anazipanga mbili mbili juu ya mkeka.